Toboa Tu, Mwanangu

Mlionicheka wiki iliyopita mlifanya haraka. Mngeweka akiba kidogo, maana ya leo ndiyo yenyewe.

Kwa ambaye hakuwepo, nijieleze upesi. Mimi ni fundi makochi. Mtaani wananiita Sponji. Nayavua makochi nguo kuukuu na kuyavisha mpya, na kazi hiyo naijua hasa. Ugonjwa wangu ni mmoja: nikishajua kazi moja, najiona nazijua zote.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mjane, alikuja karakana kwangu akiendesha gari la marehemu mumewe. Akaketi kwenye kochi ambalo sijalivisha, juu ya springi tupu, na hakulalamika. Mimi mtu namsoma kwa anavyokaa. Anayekaa juu ya springi bila kusema kitu ana jambo zito moyoni.

Jambo lenyewe likawa mawili. La kwanza, alitaka gari liwekewe muziki, muziki wa kweli wenye besi, si ile redio ya zamani inayokoroma. La pili, anataka kuolewa.

Mchumba ni mwalimu wa udereva. Ndiye aliyemfundisha kushika usukani baada ya mumewe kufariki, na ndiye aliyemwambia kwamba gari lake liko kimya kama chumba cha mtihani.

"Binti yangu asijue kwanza," mama mkwe akasema. "Nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Nakuomba mkwe, usitoboe."

Nikaapa kwa mkasi niliokuwa nimeushika kwamba sitatoboa.

Binti yake ndiye mke wangu. Mke wangu alimpenda baba yake kupita kiasi, na baba alipoondoka, mapenzi yote yakahamia kwenye gari. Gari hilo ndilo lililompeleka shule akiwa na sare, na ndilo lililomleta kwangu siku ya harusi. Hakuna aliyeruhusiwa kubadilisha hata kitambaa cha kufutia kioo. Alikubali liingie karakana kwa sababu nilimdanganya nashona viti tu, sponji imeanza kuchungulia.

"Rangi ile ile," aliniambia. "Usinibadilishie baba yangu."

Mwenye akili angeita fundi wa redio hapo hapo. Mama mkwe mwenyewe alilitaja wazo hilo, nami nikaona nimetukanwa.

"Mama, fundi wa nini tena na mimi nipo?"

Wiki iliyopita mliniacha nimekumbatia boksi la spika. Nilikuwa nimelijenga kwa mbao nene, nikalipaka gundi, nikalivisha zulia jeusi bila hata mkunjo mmoja. Boksi lilikuwa zuri, limenyooka, limekaza. Lilikuwa pia kubwa kuliko mdomo wa buti. Nilikuwa nimepima tumbo la buti kwa ndani kila upande, mdomo nikausahau. Boksi hilo sasa liko kibarazani kwa jirani, anaweka miguu.

Basi. Tuendelee na aibu mpya.

Boksi la pili liliingia. Nikafunga spika mbili za besi, kubwa kama sahani za kupakulia ukweni. Nikaweka redio mpya mbele, nikaificha ampu, ile mashine ya kukuza sauti, chini ya kiti cha abiria, nikaunganisha nyaya zote kwa mkono wangu mwenyewe. Nikafunga milango ya gari kwa heshima, nikawasha.

Ikatoka sauti nyembamba ya mtu anayeimba ndani ya ndoo. Besi hakuna. Nikaongeza sauti. Mwimbaji akazidi kulia ndani ya ndoo, lakini besi hakuna kabisa.

Nikaenda kwa muuza spika. Duka lake lina kelele mpaka mwenyewe amezoea kusoma midomo. Ukimsemesha anakukazia macho mdomoni kama daktari wa meno.

"Spika zako mbovu," nikamwambia.

"Umefungaje nyaya? Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi?"

"Nimefunga."

"Zote mbili?"

Nikageuza uso, asiusome mdomo. Kwa kweli spika ya pili niliifunga nikiwa nimelala chali ndani ya buti, nikaona yote ni mamoja.

"Umeshajibu," akasema. "Moja inasukuma, nyingine inavuta. Ni mume na mke wanagombea shuka, hakuna anayelala. Geuza waya wa mmoja wao."

Nikarudi, nikageuza. Jamani, besi ikaja! Ilikuja kifuani kabla haijafika masikioni. Nikapandisha sauti kidogo, nikafumba macho, nikajiona bingwa wa kusini na kaskazini.

Tap. Giza, kimya, na harufu ya plastiki inayojuta.

Nikarudi dukani. Safari hii muuza spika aliponiona mlangoni alizima muziki mwenyewe, anisikie vizuri.

"Ampu umeichomeka wapi?"

"Kwenye waya wa redio."

"Ule mwembamba?"

"Kwani upo mwingine?"

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Sponji, unamnywesha ng'ombe kwa kijiko! Ampu inakula umeme, bwana. Shukuru ni fyuzi tu iliyokufa. Unatakiwa uvute waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri."

"Betri iko mbele, ampu iko ndani. Katikati kuna ukuta wa chuma."

"Toboa."

"Nitoboe ukuta wa injini?"

"Toboa bwana, usiogope. Si gari lako?"

Nikasema ndiyo. Nikatoka pale na waya mwekundu mnene kama kamba ya kuanikia nguo, nikarudi kwa hatua fupi fupi.

Maana kushona kiti ni kushona kiti. Hata redio unaweza kuitoa ukarudisha ya zamani, nani ataapa kwamba iliguswa? Lakini tundu ni tundu. Tundu halishonwi. Na lile gari si gari tu, nimeshawaeleza. Nikasimama mbele yake nikiwa na drili mkononi, nikaona kama marehemu baba mkwe anautazama mkono wangu. Alikuwa mtu mkali kwa mafundi.

Nikaiweka drili chini. Nikachukua simu nikamwandikia mama mkwe. Hapa naomba mnisome taratibu, maana ujinga wote uko hapa.

Niliandika hivi: "Shikamoo mama. Nimefika mahali siwezi kuendelea bila kutoboa. Naogopa sana. Nitoboe au niache?"

Hakujibu. Nikala chakula cha mchana, hakujibu. Nikavisha mto mmoja wa kochi la mteja, hakujibu. Nilishaanza kukunja waya niurudishe dukani, ndipo simu ikalia.

"Marahaba mwanangu. Nimefikiri mpaka nimelia. Umenibebea mzigo wangu vya kutosha. Toboa tu. Potelea mbali. Kesho nakuja mwenyewe."

Niliguswa, sitaki kusema uongo. Nikajiambia, tazama mapenzi ya mwanamke huyu kwa gari la mumewe. Kalilia tundu! Kisha nikaona huruma nyingine pale, kwamba ananionea huruma mimi fundi. Mzigo wangu ameuona. Ni wakwe wangapi wanaouona mzigo wa fundi?

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mama anaita tundu la waya mzigo wake. Mimi nilikuwa natafuta kichwa cha drili.

Nikafunga lango la karakana majirani wasisikie. Nikajipinda chini ya usukani, nikaegemeza drili kwenye chuma, nikabonyeza. Ikapiga yowe. Vumbi la chuma likanijaa machoni, machozi yakanitiririka. Nikabonyeza tena, taratibu, kisha si taratibu. Mara pwaa! Drili ikapenya mpaka shingoni mwake, na maji yakanirukia usoni.

Nilipiga kelele kama mtoto. Nilijua nimeua gari. Nikatoka mbio kufungua boneti, nikitafuta ni moyo upi wa injini nimeutoboa. Kumbe ni mpira mwembamba unaopeleka maji ya kuoshea kioo. Nikaketi chini nikicheka peke yangu, nimelowa, jicho moja limefumba.

Nilipoinuka ndipo nikaiona. Pembeni ya tundu langu, umbali wa kiganja, kulikuwa na kifuniko cha mpira. Nikakichokonoa kwa bisibisi, kikatoka. Nyuma yake kulikuwa na tundu la mviringo, safi, limetobolewa kiwandani, linangoja mtu mwenye akili apitishe waya.

Nikalirudishia kifuniko chake. Nikapitisha waya kwenye tundu langu, kwa kiburi tu.

Nikaunganisha, nikafunika tundu na nyaya zote kwa zulia, nikawasha. Enyi ndugu zangu! Safari hii gari liliimba. Mabati ya karakana yakaitikia, mikasi ikacheza ukutani. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikakaa kiti cha abiria na mikono kifuani. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu aliyefanya jambo maishani mwake likakaa sawa.

Nilipomwona mke wangu kwa mbali akirudi kutoka shuleni anakofundisha, nilichomoa ufunguo haraka. Gari likanyamaza. Sauti sikuipunguza, nilizima tu. Mtaona.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alikuwa ndani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Mimi nilikuwa uani, gari nimeshalitoa karakana, boneti nimeliegemeza kwa fimbo yake, naunga ule mpira wa maji. Nilimwambia naongeza maji ya kioo, na hilo halikuwa hata uongo. Ufunguo wa gari niliuacha mezani, karibu na madaftari. Viti nilimwambia asivitazame mpaka nimalize, na kwa kuwa ni mwalimu, anaheshimu kazi ambayo haijakusanywa.

Mama mkwe akaingia getini. Alikuwa amevaa vizuri, vizuri kuliko anavyovaa kuja kwetu, na macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanivuta pembeni, nyuma ya boneti. "Umetoboa?"

"Nimetoboa, mama."

"Lini?"

"Jana ile ile, uliponiruhusu."

Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu. Nilifunga lango kwanza, majirani wasije wakasikia."

"Umefanya la maana. Ikawaje?"

"Mwanzo palikuwa pagumu, mama. Nilikwenda taratibu, sikutaka kuharibu. Ikagoma. Nikakaza, mara ikapenya yote kwa mkupuo."

"Ndivyo inavyokuwa," akasema. "Na machozi?"

Nikashangaa amejuaje. Nikadhani jicho langu bado jekundu. "Yalikuwepo, mama. Sikufichi. Machozi na maji, tulilowa." Yaani mimi na gari.

"Maskini wanangu!" Akaushika mkono wangu. "Na leo hali ikoje?"

"Shwari kabisa. Nimefunika kwa zulia. Ukiingia humo huwezi kujua kama kumetokea kitu."

Akatikisa kichwa. "Hapana mkwe. Mambo kama haya hayafunikwi. Ngoja niende mwenyewe."

"Nenda mama, ukaone."

Nikamfungulia mlango wa gari. Yeye akanipita, akaingia ndani ya nyumba.

Nilibaki nimeshika mlango. Nikadhani anaenda kusalimia kwanza, ndiyo adabu. Nikamfuata, nikijifuta mikono, nikiwa tayari kupongezwa.

Nilipofika mlangoni mama alikuwa ameshamkumbatia mke wangu pale pale mezani, kalamu nyekundu ikiwa bado mkononi mwa mke wangu.

"Ahsante mwanangu," mama anasema. "Ahsante kwa kunielewa. Nilijua utaumia. Nilimwambia hata yeye, binti yangu ataumia, lakini ana moyo."

"Mama, nani?" mke wangu akauliza. "Naumia nini?"

"Usinionee aibu. Mumeo ameshaniambia mlivyolia."

Mke wangu akanitazama juu ya bega la mama yake. Mimi nikamtazama mama. Ndugu msomaji, nilirudi nyuma hatua moja.

"Tulilia?" mke wangu akauliza.

"Mama," nikasema, "pengine tutoke kwanza nikuonyeshe..."

"Niacheni niseme, nimekaa nalo mno," mama akasema. "Mwalimu si mtu mbaya. Ukimjua utampenda. Hatutaki sherehe kubwa, tunataka tu baraka yako."

"Mwalimu gani?" mke wangu akauliza, yeye ambaye ni mwalimu. "Baraka ya nini?"

Mama akamwachia. Akageuka kwangu polepole.

"Mkwe. Si umesema umetoboa?"

"Nimetoboa, mama."

"Umetoboa nini?"

Nilitamani sakafu itoboke, nishuke.

"Ukuta wa injini," nikasema. "Ili kupitisha waya."

Tulikuwa watatu pale, na kila mmoja alikuwa na lake. Mama alikuwa anarudisha nyuma maneno yetu moja moja, lango, machozi, zulia. Nilimwona anavyofika kwenye kila moja. Mke wangu alikuwa amebaki kwenye neno moja tu.

"Umetoboa gari la baba?"

"Tundu dogo, mke wangu. La waya. Mama ndiye..."

"Umetoboa gari la baba yangu!"

"Mama aliniruhusu! Ujumbe upo!"

"Mimi nilikuruhusu kutoboa siri!" mama akapiga kelele. "Siri! Nani anamwomba mkwe wake ruhusa ya tundu mpaka anamwandikia anaogopa?"

"Mimi, mama. Mimi ndiye mtu huyo."

Nilitegemea wacheke. Mtu mwingine angecheka. Hata nyinyi mnacheka sasa hivi, nawasikia.

Mke wangu hakucheka. Aliketi, akaifunga kalamu yake nyekundu. Swali lake hakulisahau. Walimu hawasahau swali.

"Mama. Mwalimu gani?"

Mama angeweza kupindisha. Mlango ulikuwa bado wazi, angenisukumia mimi kila kitu na ningebeba, nimeshazoea. Lakini nadhani alichoka. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kuja kushukuru, hakujiandaa kudanganya.

"Mwalimu wa udereva," akasema. "Naolewa naye. Gari nimelipeleka kwa mumeo liwekewe muziki, kwa sababu tunapenda kutembea jioni tukisikiliza nyimbo. Nami sijawahi kusikiliza wimbo ndani ya gari lile hata mmoja. Baba yako hakutaka."

Mke wangu aliinuka. Akanyoosha mkono kwenye madaftari, akachukua ufunguo wa gari, akatupita wote wawili. Tulimsikia uani. Mlango wa gari ukafunguka, ukafungwa. Kisha tukasikia vitasa vikishuka, kimoja, kingine, vyote vinne.

"Haendeshi," mama akanong'ona. "Hajui kuendesha."

"Anakaa tu, mama. Anataka kukaa na baba yake kidogo."

Nikiwa namalizia kusema hayo, akawasha.

Mnakumbuka sauti niliiacha wapi.

Kishindo kilichotoka kiliinua kuku wa jirani juu ya uzio. Vioo vya gari vilitetemeka, kibao cha namba kikawa kinapiga makofi. Nilitoka mbio nikijua mke wangu atakuwa ameruka kwa hofu, ameshazima. Hakuzima. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mikono yote miwili juu ya usukani wa baba yake, anatazama boneti lililosimama mbele ya kioo. Anatazama chuma kitupu. Midomo imekaza, machozi yanashuka, na muziki unampiga mgongoni kutoka buti.

Naomba radhi kwa litakalofuata, lakini naliungama. Katika saa ile mbaya ya familia yangu, sehemu moja ndogo ya moyo wangu ilisema: sikia besi hiyo.

Mama mkwe akaenda dirishani. Akabisha. "Mwanangu, fungua!" Hiyo niliisoma mdomoni, kama muuza spika, maana masikio hayakufaa kitu. Mke wangu hakugeuka. Mama akabisha kwa viganja. Majirani walishaanza kujipanga kwenye uzio, na yule mwenye boksi langu alikuja na kikombe chake.

Ndipo Sponji akapata wazo.

Watu hawa wawili, nikajiambia, wanachohitaji ni kusikilizana. Kinachowazuia ni muziki. Muziki ni wangu. Nani mwingine anajua waya upo wapi?

Nikajipenyeza mbele, chini ya boneti. Kutoka pale sikuwaona tena, boneti lilinizuia. Niliona tu mkono wa mama pembeni, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Nilidhani bado anabisha. Kisha ukanyooka kuelekea kwangu, nami nikasoma ishara hiyo kuwa: zima, mkwe, zima.

Sikujua kwamba ameacha kubisha. Sikujua kwamba mama mkwe wangu, mwanamke ambaye hajawahi kupaza sauti mbele ya watu, alikuwa amegundua kitu. Chini ya kelele ile angeweza kusema chochote duniani na asisikike na yeyote. Kwa hiyo alikuwa anayasema, yote, kwa sauti yake yote, uso kwa uso na kioo.

Nikaushika waya wangu mwekundu kwenye betri. Nikavuta.

Muziki ukakatika kama umechinjwa. Na katikati ya kimya, mbele ya uzio mzima, sauti ya mama ikaendelea peke yake:

"...na nikamuuguza mpaka mwisho, lakini sikuwahi kumpenda baba yako!"

Mtu mmoja kwenye uzio akakohoa. Mama alibaki mdomo wazi, kiganja kimegandama kwenye kioo.

Nikachungulia pembeni ya boneti. Kioo cha gari lile hushuka kwa kuzungusha kwa mkono, na mke wangu alikuwa anazungusha. Kilishuka polepole mpaka mwisho, mpaka kiganja cha mama kikabaki hewani.

"Rudia, mama," akasema.

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayeomba.

"Mkwe," akasema kwa sauti ndogo. "Rudisha muziki."

Mke wangu hakugeuza hata shingo.

"Ukirudisha huo waya," akaniambia, "usirudi ndani ya nyumba yangu."

Nilisimama pale na waya mkononi, betri iko umbali wa kidole, na wote wawili wananingoja.